Malazi si mazalia: neno tunalolihitaji kwa ndege wetu wa pwani

Jioni yoyote, jua likianza kuzama upande wa Tudor, kunguru hupita juu ya soko la Kongowea kwa mafungu mafungu. Wengine wametoka jaani, wengine wametoka ufuoni, wengine walikuwa hapo hapo sokoni mchana kutwa wakipigania maganda ya maembe na matumbo ya samaki. Huelekea kwenye miti yao mikubwa, miembe na mikungu na miarobaini, na hapo ndipo zogo huanza. Aliyeweka kibanda chini ya mti kama huo anajua kwamba saa kumi na mbili lazima turubali liwe juu, la sivyo bidhaa zitaharibika.

Watu wengi wakiiona miti hiyo husema, "Hapa ndipo wanapozaliana." Sivyo. Hapo wanalala. Kunguru hulala pamoja mamia kwa mamia, ila wakati wa kutaga kila jozi hujitafutia tawi lake, hujenga tago lake la vijiti na vipande vya waya, na hulilinda lisikaribiwe. Unaweza kuona matago mawili matatu katika mti mmoja mahali walipojaa sana, lakini ule umati wa jioni si umati wa wazazi na makinda. Mti ule ni malazi. Mahali ambapo viumbe wa aina moja hukusanyika ili watage au wazae pamoja ni jambo jingine, na linastahili jina lake.

Jina hilo tunalo tayari ingawa tumelifunga kwenye mbu. Maafisa wa afya ya umma wakipita mitaani huzungumzia mazalia ya mbu: matairi ya zamani, madimbwi, mapipa yasiyofunikwa. Watu wa idara ya uvuvi nao husema mikoko ni mazalia ya samaki. Neno limetoka kwenye kuzaa, likapita kwenye kuzalia, likawa mazalia, na wapo wanaosema mazalio kwa mfano wa machimbo na malisho. Yote mawili ni Kiswahili kizuri. Mimi nashika mazalia kwa sababu moja tu, kwamba ndilo lililozoeleka masikioni. Wapo wanaoandika "koloni la ndege". Sina ugomvi nao, ila koloni kwetu lina harufu ya gavana na kodi ya kichwa, na mtu akilisikia hafikirii mayai.

Waingereza walilipata neno lao kwa njia ya kuchekesha kidogo, na inatugusa sisi watu wa kunguru. Ulaya kuna ndege mweusi wa ukoo wa kunguru aitwaye rook. Huyu, tofauti na wetu, hujenga matago kwa makumi juu ya miti mirefu iliyo pamoja, mwaka baada ya mwaka. Fungu hilo la miti na matago likaitwa rookery. Mabaharia wao walipofika visiwa vya baridi na kukuta pengwini wamejaa ufuoni na mayai yao, wakatumia neno hilo hilo. Wakakuta sili wamelala juu ya miamba na watoto wao, nako wakakuita hivyo. Siku hizi wataalamu hulitumia hata kwa fuo ambazo kasa hupanda kutaga. Neno la mti wa kunguru limefika mpaka kwenye mchanga wa Watamu.

Lilifika pia kwenye watu. Katika London ya karne ya 19, mitaa ya maskini iliyobanana, familia juu ya familia, iliitwa kwa neno hilo hilo la matago ya kunguru. Mtaa wa St Giles ulijulikana sana kwa jina hilo, na katika miaka ya 1840 sehemu yake kubwa ilibomolewa ili barabara ya New Oxford Street ipite. Waliokaa humo hawakujengewa kwingine. Walihamia vichochoro vya jirani vikazidi kubanana. Nalitaja hili kwa sababu nasi tunayo mazoea ya kusema mtaa fulani wa Kisauni ni "mazalia ya wahalifu". Mtu akishaitwa mbu, dawa yake inajulikana. Tuliache neno hili kwa ndege, samaki na kasa.

Sasa sili. Mnyama huyu hatunaye. Bahari yetu ni ya joto, na sili wengi hufuata maji ya baridi yenye samaki tele. Walio karibu nasi kidogo ni wale wa upande wa pili wa bara, kuanzia Afrika Kusini kupanda Namibia, ambako mkondo wa baridi wa Benguela hupita. Kisiwa cha Robben alikofungwa Mandela kina jina la Kiholanzi lenye maana ya sili. Na kule Namibia kuna Cape Cross, mahali ambapo Mreno Diogo Cão alisimika msalaba wa jiwe mwaka 1486, ndugu wa mnara wa Vasco da Gama tulio nao Malindi. Ufuo wa Cape Cross ni mojawapo ya mazalia makubwa kabisa ya sili wa aina hiyo duniani. Madume hutangulia mwezi wa Oktoba, kila mmoja hujikatia kipande cha ufuo na kukipigania. Majike hufuata, na watoto huzaliwa Novemba na Desemba. Mama huenda baharini kula siku kadhaa, kisha hurudi katikati ya maelfu ya watoto wanaolia, na hummaizi wa kwake kwa sauti na harufu. Bweha na fisi wa kahawia huzungukazunguka pembeni wakingoja mtoto aliyepotea.

Hapa ndipo tofauti na nguva wetu inapoonekana. Nguva naye ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, lakini huzaa majini na kamwe hapandi nchi kavu. Kwa hiyo hana mazalia ya kuonyeshwa kwa kidole. Sili wa namna hii huzaa nchi kavu, na ndiyo maana ameponzwa nayo: mwindaji hakuhitaji kumtafuta baharini, alingoja ufuoni kwa rungu. Kwenye visiwa vya Pribilof, kaskazini mwa bahari ya Pasifiki, sili waliuawa kwa ajili ya ngozi hadi nchi nne, Marekani, Urusi, Japani na Uingereza kwa niaba ya Kanada, zikaketi na kuwekeana mkataba mwaka 1911. Ni miongoni mwa mikataba ya mwanzo kabisa ya mataifa ya kuhifadhi wanyama pori.

Sifa hiyo ndiyo hasa ya kuelewa kuhusu mazalia ya aina yoyote. Kiumbe anayezaa peke yake amejificha. Ukiharibu kiota kimoja umeharibu kimoja. Wanaozaa pamoja wameweka uzao wote wa mwaka mahali pamoja. Wana sababu zao nzuri. Macho elfu huona kipanga mapema kuliko macho mawili. Adui akija, mia humrukia kwa pamoja. Mayai yakianguliwa kwa wakati mmoja, anayekula makinda hushiba kabla hajawamaliza. Na mahali penyewe huwa pamechaguliwa kwa sababu hapana panya, hapana paka, hapana mtu. Hesabu hiyo yote huvunjika siku panya mmoja mwenye mimba anaposhuka kutoka kwenye mashua.

Sisi wa Mombasa tunayo mazalia ya namna hii kwa siku moja ya safari. Nenda Shimoni, panda mashua upite Wasini, utafika Kisite. Ni kijisiwa cha mwamba wa matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iliyotangazwa katika miaka ya 1970. Watalii huendea samaki na matumbawe, lakini juu ya ule mwamba, wakati wa kusi, hutaga buabua. Hao ni ndege weupe wadogo kuliko shakwe, wenye kofia nyeusi kichwani na mkia wa panda kama wa mbayuwayu. Aina inayosifika pale ina kifua chenye wekundu wa mbali sana, kama maji yaliyodondoshewa waridi. Aina hiyo hiyo, pamoja na buabua wengine wa mgongo wa kijivucheusi, hutaga pia Whale Island, kile kijisiwa cha mlango wa hori la Mida pale Watamu. Ukipanda zaidi kaskazini, kupita Lamu, kwenye visiwa vidogo vidogo vya hifadhi ya Kiunga iliyotangazwa 1979, ndipo penye mazalia makubwa kuliko yote ya ndege wa bahari katika Kenya, maelfu ya jozi za aina mbalimbali katika mwaka mzuri.

Upande wa Tanzania kuna Fungu Kizimkazi, ambalo ramani huliita Latham: kipande cha mwamba kisichofika hata nusu kilometa kwa urefu, kiko peke yake baharini zaidi ya kilometa 60 kusini mashariki mwa Unguja. Hakuna mti, hakuna maji. Juu yake hutaga ndege wakubwa weupe wa bahari kuu ambao hutawaona kamwe ukiwa umesimama Mama Ngina.

Wakati wenyewe haukuchaguliwa kwa bahati. Kusi ikivuma, kuanzia Juni hivi mpaka Septemba au Oktoba, bahari huchafuka na mashua nyingi ndogo hubaki ufuoni. Kwa ndege huo ni msimu wa samaki wadogo. Buabua hawazami sana. Huwala dagaa na vijisamaki vilivyosukumwa juu na jodari wanaowinda kutoka chini. Mvuvi wa mshipi analijua hili kuliko profesa yeyote. Akiona ndege wameinama na kuchomachoma maji mahali pamoja hugeuza dau upesi, kwa kuwa chini yao pana jodari au nguru. Ndege wale wanaomwonyesha samaki walianguliwa kwenye kijisiwa fulani. Sijui kama tunaunganisha mambo haya mawili tunapokwenda kuokota mayai.

Buabua hajengi. Hutaga yai moja au mawili kwenye kijishimo katika mwamba au chini ya kichaka cha chumvichumvi, na rangi ya yai ni ya madoa kama jiwe lenyewe. Wazazi wote wawili huatamia kwa zamu kwa muda wa wiki tatu na siku chache. Kinda likitoka huchukua karibu mwezi mmoja kabla halijaruka. Kwa hiyo, kuanzia yai mpaka bawa, ni kama miezi miwili, na miezi miwili hiyo yote hupita juani, juu ya mwamba unaochoma.

Fikiria basi mashua ya wageni imetia nanga na watu kumi wameshuka kupiga picha. Ndege wote huruka kwa mara moja na kuzunguka juu wakipiga kelele. Mgeni huona ni jambo la kupendeza na huinua simu. Chini, mayai yamebaki wazi saa sita mchana. Jua la ikweta halihitaji saa nzima. Kuatamia hapa kwetu mara nyingi kazi yake ni kulikinga yai na joto kuliko kulipasha. Makinda hukimbia ovyo na kuingia eneo la jirani, na jirani humdonoa mtoto asiye wake. Kunguru, ambao hawangethubutu kuingia katikati ya ndege mia wakali, sasa wana nafasi. Buabua wa aina hii wanajulikana pia kwa jambo baya zaidi: wakisumbuliwa sana mwanzoni mwa msimu, huondoka wote kwa siku moja na kuuacha mwamba mtupu pamoja na mayai yake. Huenda wakajaribu kwingine. Huenda mwaka ule ukapita hivyo hivyo.

Suala la mayai halistahili mahubiri. Wazee wetu wameyala, na mvuvi aliyekwama visiwani siku mbili hakuwa na duka. Shelisheli mpaka leo mayai ya ndege wa bahari ni chakula kinachopendwa, na kwa miaka mingi serikali yao imekuwa ikiyawekea vibali, msimu, na visiwa vya kuokota na vya kuacha. Wamewahi pia kusimamisha uokotaji pale hali ilipodai. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu mazalia yao yana ndege kwa laki. Kisite haina laki. Mahali penye jozi mia kadhaa, ndoo mbili za mayai ni msimu mzima. Isitoshe, Kisite ni hifadhi kamili ya taifa. Kisheria hairuhusiwi kuvua, sembuse kuokota mayai. Uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa upande wa Mpunguti.

Turudi Kongowea. Hatuna buabua wanaotaga juu ya vibanda vya nyanya, lakini tulikuwa na mazalia yetu ya nyumbani. Mnana, yule ndege wa manjano anayefuma, hutaga kwa pamoja: mnazi mmoja waweza kubeba vifuko makumi vinavyoning'inia kwenye ncha za makuti, dume likifuma na jike likikagua, likikataa dume hufumua na kuanza upya. Watu wazima wa Kisauni wanaikumbuka minazi iliyokuwa na kelele hizo asubuhi. Minazi mingi imekatwa kupisha majengo. Iliyobaki imeingiliwa na kunguru, ambao hutua juu ya makuti, hupasua vifuko kimoja baada ya kingine na kula mayai na makinda. Mnana wakiwa wengi hupiga kelele na kushambulia. Kwa shomoro au kozi ingetosha. Kwa kunguru, ambaye ana akili na huja na wenzake, haitoshi.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si wa hapa. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, inasemekana ili asaidie kusafisha takataka za mji, na Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, sasa mjini ni nadra kumwona. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja katika pwani yote kabla mwaka haujaisha, kwa sumu inayotiwa kwenye nyama. Si mara ya kwanza sumu hiyo kutumika pwani. Ilitumika zamani, ikasimamishwa, na kunguru wakarudi.

Hapa ndipo tofauti ya malazi na mazalia inapokuwa na faida mkononi. Sumu hufanya kazi mahali wanapokula na wanapolala, kwa kuwa huko ndiko walikokusanyika. Haifiki kwenye matago yaliyotawanyika mji mzima, moja huku kwenye mkungu wa shule, moja kule kwenye mlingoti wa simu. Jozi moja hutaga mayai manne hivi. Mradi chakula kipo, wachache wanaosalia huijaza miti tena baada ya misimu michache. Na chakula kipo. Kila jioni lori la taka likichelewa Kongowea, marundo ya kabichi iliyooza na maembe yaliyopasuka hulala pale mpaka asubuhi, na kunguru ndiye wa kwanza kuamka. Kwa maoni yangu, shilingi inayotumika kununua sumu bila shilingi nyingine ya kuondoa taka kila siku imetupwa baharini. Afadhali pia kufanya lile jambo la kuchosha la kubomoa matago yenyewe mmoja mmoja, kila mwenye kiwanja kwake, msimu wa kutaga ukianza. Hesabu kwanza tago ni la nani. La mnana ni kifuko cha majani kinachoning'inia, la kunguru ni jungu la vijiti na waya kwenye panda ya tawi.

Kwa upande wa visiwa, la kufanya ni dogo kuliko tunavyodhani. BMU za Shimoni, Wasini, Watamu na Kiunga zina kanuni zao zilizoandikwa, na kanuni haziwezi kulinda kitu kisichokuwa na jina. Andikeni humo: mazalia ya ndege. Andikeni miezi, Juni mpaka Oktoba. Andikeni kwamba mashua haitii nanga karibu na mwamba miezi hiyo, kwamba wageni hubaki majini wakiogelea na miwani yao, ambako ndiko walikolipia kuwa. Nahodha aangalie maguni ya unga na makasha kabla hajang'oa nanga Shimoni, kwa kuwa panya hupanda humo. Na mgeni akiuliza kwa nini hashushwi kisiwani, aonyeshwe: hata kutoka mita mia, kwa macho matupu, ndege walioatamia huonekana kama kokoto nyeupe zilizopangwa, zote zimeelekeza midomo kwenye upepo wa kusi.